Dada, msipande Septemba

Dodoma, Julai

Dada mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo!

Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili. Hongera kwa kuchaguliwa mwenyekiti wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wa kigango chenu huko Kongwa, na hongera zaidi kwa kuanza na shamba la kigango badala ya kuanza na fulana. Umeniomba niupitie mpango wenu: miche 500, yote ipandwe tarehe 1 Septemba, Siku ya Kuombea Utunzaji wa Kazi ya Uumbaji, mara tu baada ya Misa, kila kijana na mche wake. Nakujibu waziwazi kwa sababu nawatakia mema: msipande Septemba.

Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, kinachoanza siku hiyo na kuishia 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, ni kizuri mno kwa sala. Ila kwetu kinaangukia katikati ya kiangazi kikali. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakatika Aprili. Mche wa Septemba utakaa karibu miezi mitatu bila tone la mvua. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu miche hesabuni maji. Mche mchanga unataka lita tano mara mbili kwa wiki. Miche 500 ni lita 5,000 kwa wiki, yaani madumu 250 ya lita 20. Nani atayachota? Tena ni maji yale yale ambayo akina mama wa jumuiya wanayapangia foleni tangu alfajiri. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alisema tusikilize kwa pamoja kilio cha dunia na kilio cha maskini. Hapo kwenu vilio hivyo viwili vinakutana kwenye dumu moja, na mpango wowote wa miti usiolijali dumu hilo utawaumiza watu mnaotaka kuwasaidia.

Septemba ina kazi yake, na ni kazi isiyohitaji maji hata kikombe: kisiki hai, yaani kuukuza tena mti kutoka kwenye machipukizi ya kisiki chake. Nadhani umeisikia, maana shirika la LEAD Foundation limeieneza sana vijijini Dodoma. Njia yenyewe ilipata umaarufu Niger kuanzia miaka ya 1980 kupitia mmisionari Mwaustralia Tony Rinaudo, aliyegundua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita kila siku ni miti iliyokatwa, ambayo mizizi yake ingali hai chini ya ardhi. Shamba la kigango chenu limejaa visiki vya namna hiyo. Mnavifyeka kila mwaka wakati wa kuandaa shamba, vinachipua, mnavifyeka tena. Mzizi wa kisiki umeshafika chini kuliko mche wowote wa kwenye kiriba (kifuko cha plastiki cha kuoteshea) utakavyofika kwa miaka kadhaa, ndiyo maana unastahimili kiangazi bila kumwagiliwa.

Fanyeni hivi. Piga goti mbele ya kisiki, usikiangalie kwa kusimama. Hesabu machipukizi; yanaweza kuwa 10, yanaweza kuwa 25. Chagua kati ya mawili na matano: manene, yaliyonyooka, yaliyoshikamana vizuri na kisiki, na yaliyoachana, yasiote yote upande mmoja. Mengine yakateni karibu kabisa na kisiki. Kisha katika yale mliyoyaacha ondoeni matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu, si zaidi, kama bado ni mafupi kuliko mtu. Panga liwe na makali ya kweli, na pigo litoke chini kwenda juu. Ukikata kuelekea chini, gome linachanika hadi kwenye kisiki, kidonda kinabaki wazi, mchwa na ukungu wanaingia. Mkasi wa kupogolea ni bora kuliko panga. Mwisho fungeni kitambaa chenye rangi kali kwenye shina, kilegee, kisilibane likinenepa. Kitambaa hicho kinamwambia anayepita na panga au anayechunga mbuzi kwamba mti huu una mwenyewe.

Makosa yanayoharibu kazi hii nayajua, na karibu yote yanatokana na haraka. Kijana anaacha shina moja tu kwa sababu linapendeza. Mbuzi mmoja analivunja, kisiki kinarudi mwanzo. Mwingine anapogoa hadi kileleni, shina linabaki kama fimbo yenye manyoya juu, upepo wa kwanza unaliinamisha. Wengine wanapogoa vizuri halafu hawarudi. Kisiki hakiachi kuchipua kwa sababu umekipogoa, kwa hiyo kila miezi miwili au mitatu mtu apite kuyaondoa machipukizi mapya. Na moto: anayechoma shamba Oktoba anafuta kazi ya mwaka mzima kwa saa moja. Muoneni mwenyekiti wa kitongoji na wafugaji kabla hamjagusa kisiki cha kwanza. Waiteni pia Waanglikana na Waislamu wa hapo kijijini, kwa sababu mifugo inazunguka ardhi yote bila kujali shamba ni la nani.

Vijana 30, kila mmoja visiki 10, ni visiki 300 kwa asubuhi mbili za Jumamosi. Gharama ni mikasi michache na vitambaa vya nguo kuukuu.

Miche sijaikataa. Naomba tu mpunguze, mbadili na tarehe. Umesema mna jumuiya ndogo ndogo sita. Kila jumuiya ichukue miche 10, basi, jumla 60. Mwakani wakati wa kiangazi, miche 10 itataka lita 100 kwa wiki, madumu matano kwa jumuiya nzima. Hilo linawezekana: kila mkija kusali, watu watano waje na dumu. Oteni 80 ili mpate 60 iliyo bora, na muanze sasa hivi, mwezi huu, kwa sababu mche mzuri unataka miezi minne hadi mitano kitaluni. Kwa viriba 80 vya inchi nne kwa sita mnahitaji kama ndoo mbili za lita 20 za mchanganyiko: udongo wa juu mafungu matatu, samadi iliyooza fungu moja, mchanga fungu moja. Samadi ikiwa bado ina joto ukiingiza mkono, iacheni, inaunguza mizizi. Dumu moja kila asubuhi linatosha kitalu chote.

Mbegu za mgunga na mkwaju zina ganda gumu. Chemsheni maji, epueni motoni, mwageni juu ya mbegu, ziache humo hadi kesho yake. Zilizovimba ndizo za kupanda. Mkiziacha zichemke motoni mtakuwa mmezipika. Za mwarobaini ni kinyume chake: hazitaki kukaa. Zikipita wiki tatu tangu kuokotwa nyingi hazioti, na watu wengi huishia kulaumu udongo bure. Mikaratusi msiipande karibu na kisima, hata mkipewa miche yake bure.

Inueni viriba kila baada ya wiki mbili mkate mizizi iliyotokeza chini. Msipofanya hivyo mzizi mkuu utazama kwenye ardhi ya kitalu, na siku ya kupanda mtaukata wenyewe bila kujua. Mche unanyauka na watu wanasema jua lilikuwa kali. Mwezi wa mwisho punguzeni maji na kivuli kidogo kidogo. Mche uliodekezwa kitaluni haumalizi wiki shambani.

Mashimo yachimbwe Septemba na Oktoba, sentimita 60 kwenda chini na 60 upana. Udongo wa juu wekeni upande mmoja, wa chini upande mwingine. Wa juu changanyeni na nusu ndoo ya samadi na urudi shimoni. Wa chini ufanye tuta la hilali upande wa bondeni, ili maji yanayoteremka yasimame kwenye mche. Mvua ya kwanza isiwadanganye. Inalowesha vidole viwili tu, halafu inakata wiki mbili. Subirini ya pili au ya tatu, kisha chomekeni nondo ardhini: ikizama sentimita 30 bila kusukumwa sana, pandeni. Kwa kawaida mtakuwa kwenye Majilio ya mwisho au siku za Noeli, vijana wengi wako likizo nyumbani.

Usiku wa kuamkia kupanda mwagilieni viriba, udongo usibomoke. Chaneni kiriba kwa wembe, kiondoeni chote. Wapo wanaopanda na kiriba chake wakidhani kinahifadhi unyevu; mizizi inajizungusha humo ndani mpaka mti unajinyonga wenyewe. Shingo ya mche iwe sawa na ardhi. Na jioni hesabuni viriba: miche 60 imepandwa, viriba 60 virudi mkononi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, ingekuwa aibu sisi tuizike shambani kwa jina la uumbaji.

Mvua ikikatika, tandazeni nyasi kavu kuzunguka mche, lakini acheni upana wa kiganja kati ya nyasi na shina. Nyasi zikiligusa shina, mchwa wanapanda kwa njia hiyo na kulimenya gome usiku. Zungushieni matawi ya miiba, na yachunguzwe kila wiki, mbuzi anajua kutafuta mwanya.

Kuhusu maji ya baadaye, pendekezeni kwa halmashauri ya kigango paa la kanisa. Paa la mita 10 kwa 20 linakusanya lita 5,000 kwa mvua moja ya milimita 30 na ushei, hata ukitoa yanayopotea. Mifereji iinamie tanki, na maji ya dakika za kwanza yamwagwe nje, kwa sababu yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege cha miezi saba.

Umeniuliza pia imani inaingia wapi katika haya yote, isije kazi ikafanana na ya mradi wowote. Swali zuri. Sioni haja ya kuongeza hotuba. Kalenda ya Kanisa inatosha, mkiiweka juu ya kalenda ya mvua. Tarehe 1 Septemba mwombeni padre abariki majembe, mapanga, mikasi na mbegu, kisha mwende kwenye visiki siku hiyo hiyo. Mwaka 2025 Papa Leo XIV aliidhinisha Misa maalumu kwa ajili ya utunzaji wa kazi ya uumbaji. Mwombeni padre mapema aangalie kama anaweza kuiadhimisha. Novemba mvua ikichelewa, watu wataomba Misa ya kuomba mvua, na watakuwa wanaiomba huku mashimo yao yakiwa wazi yanasubiri. Kwaresima ni palizi, na palizi ni mfungo mzuri. Matawi ya Jumapili ya Matawi kateni kwa kiasi, kutoka miti inayostahimili kukatwa, mkayatunze yawe majivu ya mwaka unaofuata. Na 15 Mei, kumbukumbu ya Mtakatifu Isidori Mkulima, mvua ikiwa imeshakatika, hesabuni miche iliyo hai.

Hesabu hiyo ndiyo naitilia mkazo kuliko yote. Wekeni daftari moja: namba ya mche au kisiki, aina, tarehe, jumuiya inayoutunza, hali yake. Hesabuni 15 Mei, hesabuni tena 4 Oktoba, na msome matokeo kanisani wakati wa matangazo, hata yakiwa 22 kati ya 60. Iliyokufa andikeni imekufa kwa nini: mchwa, mbuzi, kiu, panga. Bila daftari, uongozi ukibadilika wapya wanaanza na miche 500 mingine, na Mwanzo 2:15 inasema "ailime na kuitunza". Neno la pili ndilo tunalolisahau.

Taka za siku ya somo wa kigango, yaani sikukuu ya mtakatifu msimamizi wenu, tutaziongelea siku nyingine. Kwa sasa azimeni tu sahani na vikombe vya jumuiya, na msichome chupa nyuma ya kanisa.

Nijibu kabla ya mwezi kuisha unieleze mambo matatu: visiki vingapi viko katika ekari moja ya shamba, maji yapo umbali wa hatua ngapi, na mbuzi wa nani wanapita hapo. Mikasi miwili ya kupogolea nitaituma kwa basi la Ijumaa, mtu akaipokee stendi.

Nduguyo katika Kristo