Kunakili picha ya bingwa si wizi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaodai kwamba mwanafunzi wa uchoraji anayenakili picha ya kale ya mwili wa binadamu anaiba kazi ya mwenzake na kuua ubunifu wake mwenyewe.

Mwaka 1628 mchoraji wa Flanders, Peter Paul Rubens, akiwa na umri wa miaka 51 na jina lake limekwisha kuenea Ulaya, alifika Madrid kwa shughuli za kidiplomasia, na katika miezi aliyokaa huko alinakili picha kadhaa za Titian, bingwa wa Italia aliyemtangulia, zilizokuwa mali ya mfalme wa Hispania. Mojawapo ni ile ya Adamu na Hawa, iliyochorwa yapata mwaka 1550. Picha hiyo na nakala ya Rubens zimo leo katika makumbusho ya Prado mjini Madrid, na anayezilinganisha ataona kwamba Rubens hakukariri kama kasuku, ingawa kasuku yumo: alimwongeza mwenyewe mtini, tena akauegemeza mbele mwili wa Adamu, ambaye Titian alikuwa amemkalisha akiegemea nyuma.

Ngozi ya binadamu haipatikani kwa kukoroga rangi moja na kuipaka. Kwa njia ya mabingwa wengi wa kale, mchoraji hutangulia kujenga vivuli na mwanga kwa rangi ya udongo wa kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, na ikishakauka hupandisha juu yake matabaka membamba yenye mafuta zaidi, ili ile ya chini iendelee kuonekana kwa mbali. Utaratibu huo una sababu, kwani mafuta ya kitani yanayochanganywa na rangi hayakauki kwa kugeuka mvuke kama maji, bali huganda polepole kwa kufyonza oksijeni, na tabaka lenye mafuta machache likiwekwa juu ya lenye mafuta mengi hutangulia kukauka, kisha likapasuka. Maelezo haya husomwa kwa dakika chache. Mkono huyaelewa pale mwanafunzi anapohangaika na goti moja la Hawa hadi kivuli chake kikubali kuzunguka.

Kuhusu wizi, hofu hiyo ina dawa. Makumbusho ya Louvre mjini Paris, ambayo yamewapokea wanaonakili tangu yalipofunguliwa mwaka 1793, huwakataza kutumia vipimo sawa na vya picha ya asili na kuiga saini yake. Naomba nawe, unapochapisha kazi za wanafunzi, utaje jina la mchoraji wa asili na mahali picha yake ilipo.

Mwalimu wa uchoraji,
Dar es Salaam