Asilimia 16 ya kwenye tangazo: mwenye fleti Zanzibar anabakiwa na nini mwisho wa mwaka?

Ukiwa Muscat, London au Toronto na unatafuta fleti ya kununua Zanzibar uipangishe kwa watalii, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni asilimia. Kumi, kumi na mbili, wengine hadi kumi na sita kwa mwaka. Sisi hatuuzi nyumba. Kazi yetu ni kusimamia fleti za watu walio mbali: tunapokea wageni, tunalipa bili, tunaita fundi, na kila mwezi tunamtumia mwenye mali hesabu yake. Asilimia hizo tunakutana nazo zikishageuka kuwa fedha mkononi, na tungependa uzione zinavyogeuka kabla hujatuma malipo ya kwanza.

Tuchukue mfano wa fleti ya chumba kimoja upande wa Paje na Jambiani, pwani ya mashariki. Takwimu hizi tumezipanga wenyewe ili hesabu ionekane, si za mteja yeyote. Bei ni dola 120,000. Tangazo linasema usiku mmoja ni dola 75, na fleti itakuwa na wageni asilimia 70 ya mwaka, yaani usiku 256. Zidisha, unapata dola 19,200. Gawanya kwa bei, unapata asilimia 16. Hesabu yenyewe haina kosa. Tatizo ni kwamba hayo ni mapato ghafi: hakuna aliyelipwa bado, na masika hayajanyesha.

Anza na bei. Hutalipa 120,000 peke yake. Fleti nyingi hukabidhiwa tupu, na mgeni halali sakafuni. Kitanda, magodoro, mashuka seti tatu, viyoyozi, friji, vyombo vya jikoni, mapazia, mwanasheria, gharama za usajili: weka dola 15,000. Fedha uliyoitoa mfukoni ni 135,000, na faida ipimwe kwa hiyo.

Kisha uje kwenye misimu, kwani hapa ndipo matangazo mengi yanapotereza. Wageni wa pwani yetu wanafuata upepo na likizo za shule za kwao. Julai hadi Septemba kusi linavuma, hali ya hewa ni baridi kidogo, Ulaya wako likizo. Desemba hadi Februari ni kaskazi, bahari imetulia, na kule kwao ni majira ya baridi. Aprili na Mei ni masika. Baadhi ya hoteli za pwani ya mashariki hufunga kabisa miezi hiyo, na zilizobaki wazi hushusha bei. Anayekupigia hesabu ya bei moja kwa miezi kumi na miwili ameifuta masika kwenye kalenda.

Kwa hiyo tuhesabu kwa misimu. Ile miezi sita mizuri, tuseme umepata wageni usiku 118 kwa dola 80: hizo ni dola 9,440. Juni, Oktoba, Novemba na Machi, usiku 55 kwa dola 60, ni 3,300. Aprili na Mei, usiku 12 kwa dola 45, ni 540. Jumla dola 13,280 kwa usiku 185, yaani nusu ya mwaka na kidogo. Kwa fleti mpya isiyo na maoni ya wageni mtandaoni, sisi tungeuita huo mwaka mzuri.

Sasa makato. Tovuti za kuweka nafasi huchukua kamisheni yao kwanza. Kwenye Booking.com ni takriban asilimia 15, na nyingine zina mipango yao. Kwa mfano wetu ni dola 1,992. Msimamizi, na hapa tunajisema sisi wenyewe, tumchukulie asilimia 20 ya kilichobaki, ambayo ni 2,258. Ada ya huduma za pamoja za jengo, yaani ulinzi, bustani, bwawa na jenereta, dola 100 kwa mwezi, 1,200 kwa mwaka. Umeme, maji na intaneti 1,400. Bima 300. Matengenezo 1,000. Usafi na dobi tuseme mgeni analipia mwenyewe.

Kinachobaki ni dola 5,130. Ukigawanya kwa 135,000, ni asilimia 3.8. Kodi bado.

Wateja wengi hutuuliza kuhusu matengenezo, kwa nini fleti mpya ikae na fundi mlangoni. Ni chumvi. Fleti iliyo hatua mia moja kutoka ufukweni, kiyoyozi chake cha nje kinapigwa na upepo wa bahari usiku na mchana. Vile vibati vyembamba vya nyuma vinaanza kuota unga mweupe, kisha vinameguka ukivigusa kwa kidole. Gesi inavuja, kompresa inafanya kazi maradufu, na umeme wa Tukuza, yaani ule wa kulipia kabla, unakwisha kabla ya wakati wake. Mgeni naye hajui: amewasha kiyoyozi, mlango wa baraza uko wazi kwa sababu anataka kusikia bahari. Tunachofanya ni kuosha mashine hizo kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara na kuzihudumia kabla ya kila msimu, lakini hata hivyo haziishi miaka ziishiyo Dar es Salaam Kariakoo au Nairobi. Bawaba, kufuli, bomba za kuogea na friji vinapitia njia hiyo hiyo. Msimamizi anayekuletea hesabu ya matengenezo sifuri mwaka wa pili, mwombe picha za kiyoyozi.

Lipo jambo jingine lisiloandikwa kwenye tangazo lolote, nalo ni wewe mwenyewe. Watu hununua fleti Zanzibar pia kwa sababu wanataka kuja nyumbani, na ni haki yao. Lakini familia huja watoto wakifunga shule, Desemba au Agosti, wiki zile zile zinazolipa. Wiki tatu za Desemba na Januari ambazo zingejaa, kwa mfano wetu, zinaondoa karibu dola 1,100 kwenye ile 5,130. Njoo, ila iandike. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuna hofu zaidi na ahadi ya mapato ya uhakika: "asilimia 8 kila mwaka, miaka miwili, hata fleti ikikaa tupu." Uliza fleti kama hiyo bila ahadi inauzwaje. Ikiwa isiyo na ahadi ni 120,000 na yenye ahadi ni 140,000, basi kwa miaka miwili utapokea 22,400, na 20,000 katika hizo ni fedha yako uliyoitanguliza kwenye bei. Mwaka wa tatu ahadi imekwisha na soko ndilo linaloamua. Hatusemi kila ahadi ni ya namna hii. Tunasema usome nani anailipa, kwa fedha ya wapi, na kampuni hiyo ikishindwa mkataba unakupa nini.

Wapo watakaokwambia utalii unakua, na ni kweli. Watalii waliofika Zanzibar walikuwa 538,264 mwaka 2019, wakashuka hadi 260,644 mwaka 2020, na mwaka 2024 walifika 736,755. Lakini vyumba navyo vinajengwa kila kona, na mgeni mmoja hawezi kulala fleti mbili. Ile namba ya 2020 nayo ikae kichwani: ukinunua kwa mkopo, benki inadai hata uwanja wa ndege ukiwa mtupu.

Kwa Fumba na maeneo ya karibu na mjini ipo njia nyingine ambayo wenye fleti wengi huidharau. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi, anayefanya kazi hapa, kwa dola 700 na miezi 11 analeta 7,700. Umeme na intaneti analipa yeye. Toa asilimia 10 ya usimamizi, 1,200 ya jengo na 500 ya matengenezo, unabaki na 5,230. Ni sawasawa na watalii, bila mashuka, na kiyoyozi kinapumua. Kumpata mpangaji huyo Paje ni kazi zaidi.

Kuhusu hati, kifupi: ardhi ya Zanzibar ni mali ya serikali, na asiye raia hamiliki ardhi. Sheria ya mwaka 2010 ya majengo ya pamoja ndiyo iliyofungua njia ya asiye raia kununua fleti. Aliyezaliwa Unguja akachukua uraia wa Uingereza au Oman si raia tena wa Tanzania, kwa hiyo naye aangalie hilo. Uliza mkataba wa kukodi ardhi umebakiza miaka mingapi, maana utakapotaka kuuza, mnunuzi wako ataliuliza hilo kwanza. Kupangisha watalii kunahitaji kibali cha Kamisheni ya Utalii na usajili Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Anayekuambia "hakuna anayefuatilia" hatakuwepo siku watakapofuatilia.

Ukituandikia, tutumie eneo, idadi ya vyumba, bei uliyotajiwa na ada ya jengo. Tutakurudishia hesabu ya mwezi kwa mwezi, Aprili na Mei zikiwemo. Na ikiwa jengo limeshaanza kupokea wageni, mwombe muuzaji taarifa ya benki ya miezi 12 ya fleti moja iliyopo tayari, uilete tuisome pamoja.