Daftari limo ndani ya kifurushi

Mwanangu mpenzi,

Mjomba wako anakuja huko kesho, nimemkabidhi kifurushi. Ndani kuna daftari jipya. Usicheke. Najua una kompyuta mbili na simu, na kazi yenyewe ni ya kompyuta. Daftari hili ni la kuandika mtu alichokuambia au alichokufanyia, siku ileile, saa ngapi, na nani alikuwepo. Likae nyumbani. Baruapepe ya ofisi ni mali ya ofisi. Siku wakikufungia, kila ulichoweka humo kimebaki kwao.

Tangu useme umepata kazi kwenye kampuni ya gemu nimekuwa nikisoma, na baba yako anasema nimezidi. Labda. Lakini Julai 2025 mahakama ya Bobigny, Ufaransa, iliwatia hatiani wakubwa watatu wa zamani wa Ubisoft, kampuni ya gemu ya huko. Mfanyakazi mmoja wa kike alieleza jinsi alivyofungwa kwenye kiti kwa utepe wa gundi, kiti kikasukumwa ndani ya lifti. Ofisini, mama, mahali watu wanapolipwa mshahara. Na mambo ya namna hiyo yalikuwa yakipita kama utani. Walipewa vifungo vya nje. Malalamiko yalitoka hadharani tangu 2020, hesabu mwenyewe miaka.

Wala usifikiri ni kushikwashikwa tu. Wanawake wa Riot Games, kampuni ya gemu ya Marekani, walishtaki mwaka 2018 kuhusu mishahara na vyeo pia, na mwaka 2021 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 100, milioni 80 zikiwa za wafanyakazi wenyewe. Katikati ya hapo, 2019, wafanyakazi waligoma kwa muda wakatoka nje kupinga kifungu cha mkataba kinachomzuia mtu kwenda mahakamani, kesi imalizwe faragha mbele ya msuluhishi. Kifungu hicho kimo kwenye mkataba wako? Nimekuuliza mara mbili, mara zote umenijibu "nitaangalia". Umeshatia sahihi, au bado? Nijibu hilo kabla ya Jumatatu.

Kinachonitisha zaidi ni kicheko chako. Jambo likikuuma unacheka, halafu unalinyamazia. Usiku ule uliponipigia kuhusu yule msimamizi wa mafunzo yako, ulikuwa unacheka, na mimi nikakwambia umpuuze, watu wa namna hiyo wapo kila mahali. Nilikuwa nimechoka siku ile. Sikukuuliza hata jina lake.

Ofisini kwetu, miaka kumi na moja sasa, wanajua nilihama dawati kwa sababu ya jua la dirishani. Dirisha lile linatazama ukuta.

Kwa hiyo uandike. Hata kama unaona ni dogo. Akikuita "mrembo" mbele ya timu, andika. Wazo lako likikataliwa asubuhi, jioni likasifiwa kutoka kwa mwingine, andika hilo pia. Usisubiri liwe kubwa, kwa sababu likishakuwa kubwa hutakumbuka lilianza tarehe gani, na tarehe ndiyo watakayokuuliza kwanza.

Nisije nikaonekana sifurahii. Ule mchezo wenu wa mafunzo nilimwomba mdogo wako aumalize usiku kucha ili tu nione orodha ya majina mwishoni. Jina lako lilipopita nilimwambia arudishe nyuma, ikawa haiwezekani mpaka auchezee tena sehemu ya mwisho. Akaucheza tena. Ule msitu uliouchora, jinsi majani yanavyosogea mtu akipita, nilishika kioo kwa kidole kama mtoto.

Mdogo wako ameshahamia chumbani kwako, anasema ni kwa muda. Fundi amekuja kuangalia paa, akapanda, akashuka, akasema atarudi. Beseni bado liko pale pale kwenye korido. Baba yako amekalia miwani yake tena. Hataki nikwambie, lakini kila habari ninayomsomea ananiambia nizidishe sauti, kwa hiyo anasikiliza.

Mkataba, mama. Kifungu cha msuluhishi. Niandikie neno moja tu, kimo au hakimo.

Na chaja yako uliisahau nyuma ya meza. Nimeizungushia daftari ili usije ukaitoa yenyewe ukaliacha daftari ndani.

Mama yako