Barua ya wazi kwa Gavana wa Erbil: anza na mkono wa mlinzi

Mheshimiwa Gavana,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Dar es Salaam kuhusu watu wanaolinda lango lako huko Erbil, mji mkuu wa Kurdistan, eneo la Wakurdi lenye serikali yake kaskazini mwa Iraq.

Kiti unachokalia kimewahi kuachwa wazi na bomu. Tarehe 1 Februari 2004, siku ya Idi ya kuchinja, wanaume wawili waliojifunga mabomu waliingia katika ofisi za vyama viwili vikuu vya Wakurdi mjini Erbil, mmoja kwa KDP, mwingine kwa PUK, karibu kwa wakati mmoja. Walijichanganya na watu waliokuja kuwapa viongozi mkono wa Idi. Siku kama hiyo upekuzi ulilegezwa, na sisi wa pwani tunaelewa: nani humpapasa mgeni aliyekuja kukutakia heri? Waliuawa zaidi ya watu 100. Sami Abdul Rahman, naibu waziri mkuu wa Kurdistan, aliyewahi kuwa waziri mjini Baghdad baada ya makubaliano ya 1970 kati ya Wakurdi na serikali ya Iraq, alikufa pamoja na mwanawe. Gavana Akram Mantik naye akafa. Waliojitangaza kuhusika ni kundi la wapiganaji lililojiita Ansar al-Sunna. Kupeana mkono ni sunna, Mheshimiwa, nao wakaufanya njia ya kuua!

Kwa hiyo siwezi kukulaumu kwa vizuizi na askari walioko mlangoni pako leo. Vimesaidia. Tarehe 19 Novemba 2014 gari la mabomu lililolenga jengo la gavana halikufika ndani, lililipuka langoni. Gavana wa wakati huo akanusurika. Waliokuwa langoni ndio waliokufa.

Hapa kwetu tunalijua hilo. Tarehe 7 Agosti 1998 gari lililotumwa kulipua ubalozi wa Marekani lilizuiwa getini na gari la maji. Walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Mkubwa anapolindwa vizuri, bomu humpata aliyelipwa kidogo kusimama mbele yake, au mpita njia tu.

Ombi langu basi. Idi ijayo, kabla ya mawaziri, mabalozi na wazee wa makabila kuingia ukumbini, toka nje mwenyewe ukawape mkono walinzi. Kamera zibaki ndani. Familia za waliouawa langoni mwaka 2014 zialikwe, zikae viti vya mbele.

Lipo na la fedha, ambalo kwangu ni zito kuliko mkono. Mishahara ya watumishi wa Kurdistan imechelewa mara nyingi tangu 2014 kwa mvutano na serikali kuu ya Baghdad. Najua hazina haiko mfukoni mwako. Lakini sauti unayo, na pesa zikifika pungufu, mwombe waziri wa fedha aanze na hao wa getini, pamoja na wajane wa wenzao, halafu ndipo awafikie wakurugenzi.

Wako katika Uislamu,
Mkazi wa Dar es Salaam