Kibuyu chetu si kamari wala ramli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo lililotupata mimi na vijana wanne hapa Dodoma mwezi uliopita. Tulikuwa tumeazimwa chumba cha kuchezea mchezo wa hadithi katika ukumbi mmoja wa mtaani, kila Jumamosi saa kumi jioni. Jumamosi ya tatu msimamizi aliingia, akawakuta watoto wameizunguka meza, mmoja wao kazamisha mkono ndani ya kibuyu anatafuta kipande cha karatasi chenye namba. Akatutoa. Alisema hataki kamari kwenye ukumbi wake, na kama si kamari basi ni ramli, nayo vilevile haitaki.

Siku ile sikumjibu, maana wale ni watoto wa watu na sikutaka mabishano mbele yao. Namjibu leo kwa sababu hayuko peke yake. Juzi mzazi mmoja alikuja dukani kwangu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mama, hicho kibuyu ni cha nini?"

Mimi ni mwandishi wa vijitabu vya michezo ya hadithi. Mchana nina steshenari ndogo Ipagala, natoa kopi na kuchapa barua za watu, usiku naandika. Katika mchezo huu mtu mmoja ni msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki anabeba mhusika wake. Msimulizi anaeleza walipofika na kinachowakabili, kisha anauliza: mnafanyaje? Wanajadiliana, wanaamua. Namba inaingia pale tu penye shaka, kwa mfano kuruka korongo ukiwa na mzigo kichwani. Wamarekani walioanzisha mchezo walitumia dadu lenye pande 20. Dadu la namna hiyo sijaliona dukani hapa mjini, ndiyo maana nilikata vipande 20 vya manila, nikaviandika 1 hadi 20, nikavitia kwenye kibuyu. Nikisema korongo linataka 12 na wewe umetoa 14, umevuka. Ukitoa 5, mzigo umeporomoka bondeni, na hadithi inaendelea mzigo ukiwa huko huko bondeni.

Kamari ina dau. Kwetu hakuna anayeweka hata shilingi mia, na hakuna anayeondoka na cha mwenzake. Ramli nayo hudai kufichua yaliyojificha katika maisha yako. Kibuyu changu hakijui chochote kuhusu mtoto wa mtu.

Woga huu uliwahi kuwakumba na wenzetu. Dungeons & Dragons, mchezo ulioanzisha jamii nzima ya michezo hii, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na katika miaka ya 1980 wapo waliousema huko huko kwamba ni ibada ya shetani. Mimi hunigusa zaidi jinsi ulivyochapishwa. Gygax hakupata mchapishaji wa kuuchukua, akaanzisha kampuni na rafiki yake Don Kaye mwaka 1973, wakatoa nakala 1,000 za kwanza wenyewe, zikipangwa kwenye maboksi kwa mkono. Tangu Januari 2023 msingi wa kanuni zake umewekwa chini ya leseni ya Creative Commons: yeyote anaweza kuutumia na kuuza kazi yake, mradi ataje alikoutoa. Nimetaja, ukurasa wa pili wa kila kijitabu. Sijaiba kazi ya mtu.

Hadithi zenyewe sikuzifuata mbali. Kijitabu changu cha kwanza kinahusu msafara unaotoka Mpwapwa kuingia Ugogo, nchi ya Wagogo, zama za misafara ya karne ya 19. Kabla ya visima vya Ugogo kulikuwa na pori kavu la Marenga Mkali, na jina lenyewe linasema maji makali. Msafara ukivuka pori unafika kwa mtemi mwenye visima, na mtemi anadai hongo, neno ambalo siku hizi limebeba aibu lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa wazi: vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga. Hapo nikaongeza cha kwangu. Kila mtoto wa Dodoma amesimuliwa habari za tembo aliyekuja kunywa maji akadidimia, mji ukapata jina. Katika kijitabu changu tembo yule hajafa. Yuko chini ya ardhi, na kila anapogeuka ubavu, kisima kimoja kinakauka.

Kijitabu kina kurasa 24, yaani karatasi sita za A4 zilizokunjwa katikati na kubanwa pini mbili. Kukipanga kunataka utulivu: ukurasa wa 1 unakaa upande mmoja na wa 24, wa 2 na wa 23, na jumla lazima iwe 25 kila mara, la sivyo msomaji anatoka porini anajikuta kwenye jalada. Nilitoa nakala 60 kwa mashine yangu mwenyewe.

Kabla ya hapo nilikijaribu na wale vijana barazani kwangu. Niliandika njia tatu za kupata maji: kulipa, kupigana, au kuiba usiku. Nilidhani nimemaliza. Binti wa kidato cha pili, aliyekuwa kirangozi, yaani kiongozi wa njia wa msafara, alinitazama akauliza: "Mama, na watu wa huyu mtemi wenyewe wanakunywa nini?"

Sikuwa nimeliandika hilo. Nilikaa kimya, nikafunua kurasa huku na huku kana kwamba jibu lipo mahali. Mwishowe nikasema: wanakunywa ya chumvi, mazuri wanayauza. Basi wale wanne wakaweka mizigo chini. Hawakulipa, hawakupigana, hawakuiba. Waliomba majembe wakakaa kuchimba na wenyeji, siku tatu za hadithi, na siku ya tatu mpagazi akatoa 19 kibuyuni, jembe lake likagonga kitu kigumu chenye joto. Ulikuwa mgongo wa tembo. Baraza zima lilinyamaza. Hata jirani aliyekuwa anachambua mchele alisimamisha ungo.

Usiku ule nilifuta kurasa kumi na moja. Nilikuwa nimeandika kama mwandishi wa riwaya, nikawaamulia watu waishie wapi, na kazi hii haitaki hivyo. Siku hizi naandika nani ana nini, anataka nini na anaogopa nini, kisima kiko wapi na njia ya kukifikia ikoje. Mwisho siuandiki. Ni kazi ngumu kuliko riwaya, naamini hivyo, kwa sababu unamwandalia mtu usiyemjua uamuzi ambao hujaufikiria.

Ndiyo maana imeniuma kufukuzwa. Watoto wale wanasoma Kiswahili kwa sauti saa mbili mfululizo bila kulazimishwa na mtu. Wanabishana kwa hoja, wanapiga hesabu za doti za merikani kichwani. Bibi zetu waliita "hadithi, hadithi" na sisi tukaitikia "hadithi njoo". Hawa wanaitikia kisha wanaingia ndani. Naomba wasimamizi wa kumbi, maktaba na shule watupe meza moja na viti vitano. Umeme hatuhitaji, na saa kumi na mbili tunakuwa tumefunga.

Kwa msimamizi aliyetutoa: bado tunacheza Jumamosi, sasa ni barazani kwangu, na kibuyu kipo mezani kila mtu akione. Katika msafara wetu, nafasi ya mpiga zeze haijachukuliwa na mtu. Karibu uketi.

Msomaji wenu,
Ipagala, Dodoma