Kabla ya Kufika Likoni Road: Breki Kwanza, Rangi Baadaye

Simu nyingi za ukaguzi hutufikia jioni. Mwenye gari ana miadi ya kesho asubuhi, na anachotaka ni bampa ipigwe rangi, balbu mbili zibadilishwe na injini ioshwe ing'ae. Kazi hizo tunazifanya. Lakini tukiachiwa tuamue, rangi ingengoja, gari lipigwe jeki kwanza tuyatazame magurudumu. Vumbi halikatalishi gari. Kinachokatalisha ni breki, usukani, na namba zisizolingana na logbuku, yaani hati ya usajili wa gari, na hayo ni vigumu kuyamaliza usiku mmoja.

Ukaguzi wa kila mwaka unayahusu matatu, mabasi, malori, pikapu za biashara na magari ya shule. Unafanywa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, na hapa Nairobi kituo ambacho wateja wetu wengi huenda ni cha Likoni Road, Industrial Area. Unaomba miadi mtandaoni kupitia akaunti yako ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa, kisha unapeleka gari siku uliyopangiwa. Sisi ni gereji, kwa hiyo hatutoi cheti wala stika ya ukaguzi. Kazi yetu ni kulitazama gari kabla halijapanda kwenye mitambo na kurekebisha kilichoharibika. Mtu akikuahidi stika huku gari likiwa limeegeshwa nyumbani, mkatae. Atakachokuuzia ni karatasi, na karatasi haisimamishi gari lililokosa breki kwenye mteremko wa Mai Mahiu.

Tukae kwenye breki, kwa sababu hapo ndipo wengi huanguka na hapo ndipo watu hufa.

Kituoni kuna mtambo wa rola. Magurudumu ya mbele yanaingia, rola zinayazungusha, breki inakanyagwa taratibu, na mtambo unapima kila gurudumu limeshika kwa nguvu kiasi gani. Halafu ekseli ya nyuma, halafu breki ya mkono. Dereva wengi hutoka hapo wakilalamika: "Lakini gari linasimama!" Ni kweli linasimama. Ila mtambo pia unalinganisha kushoto na kulia. Gurudumu la kulia likishika vizuri na la kushoto likilegea, siku dereva atakapokanyaga kwa ghafla barabara ikiwa na maji, gari litavuta upande mmoja na kuingia njia ya wengine. Kwenye msongamano wa Jogoo Road hutaligundua tatizo hilo, maana mwendo ni wa pole. Utaligundua Thika Road, ukiwa na kasi na abiria.

Tukifungua dramu ya gurudumu lililolegea, mara nyingi sababu huonekana kwa macho. Ile silinda ndogo ya breki iliyo ndani inavuja, lainingi, ile sehemu inayosugua dramu gari lisimame, imelowa mafuta ya breki, na vumbi limeshikana nayo kuwa matope meusi. Au sili ya ekseli, mpira unaozuia oili, imekwisha, oili ya difu (gia za ekseli) imetambaa hadi kwenye lainingi. Lainingi iliyolowa oili haifai kusuguliwa msasa na kurudishwa, hata kama bado ni nene. Hubadilishwa, na hubadilishwa pande zote mbili za ekseli, kwa sababu ukiweka mpya upande mmoja umejitengenezea tofauti ileile uliyokuwa unaikimbia. Kwa breki za disiki, mshukiwa mkuu ni kalipa iliyokwama, kile kifaa kinachobana pedi kwenye disiki. Ukitaka kumjua, endesha gari kidogo, simama, kisha sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Iliyo moto kuliko wenzake ndiyo yenye kasoro.

Kuna jambo moja ambalo huwa linatuumiza sana moyo tukilikuta. Gari limeletwa kwa ajili ya ukaguzi, tunaingia chini, na tunaona paipu ya breki ya gurudumu moja la nyuma imekunjwa ikapigwa nyundo hadi ikabanana. Mahali fulani njiani silinda ilivuja, fundi akaifunga ile paipu ili gari lifike nyumbani, na tangu siku hiyo hakuna aliyeifungua. Gari limebeba abiria kwa miezi likiwa na breki tatu. Mwenyewe hajui, kwa sababu aliambiwa tu kwamba "breki imetengenezwa". Kwenye rola gurudumu hilo husoma karibu na sufuri na hakuna la kujitetea. Tafadhali, gari lako likitengenezwa breki safarini, uliza hasa nini kilifanywa, na ukirudi mjini lipeleke kwa fundi wako aangalie.

Wenye pikapu wana tatizo lao. Ili gari libebe viazi au saruji zaidi, springi za nyuma huongezwa majani, yaani vile vipande bapa vya chuma, na gari linainuka. Pikapu na vani nyingi zina vali inayopima jinsi sehemu ya nyuma ilivyokaa: ikishuka kwa mzigo, vali inaruhusu nguvu zaidi kwenda breki za nyuma, ikiwa juu, inapunguza, ili magurudumu mepesi yasijifunge na kuteleza. Sasa ukiinua gari kwa majani ya ziada na usiirekebishe vali ile, yenyewe inadhani gari ni tupu siku zote. Umebeba tani nzima, na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari lisilo na kitu. Breki za mbele zinabeba kila kitu, zinapata joto, pedi zinaisha haraka, na mwenye gari analaumu pedi. Tumekuta hata vali zilizoshika kutu kiasi kwamba fimbo yake haisogei kabisa. Ikiwa pikapu yako iliongezwa springi, tuambie mapema.

Mafuta ya breki nayo yamesahaulika mno. Watu huongeza yakipungua, hawayabadilishi. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewani, na kadiri yanavyofyonza ndivyo yanavyochemka kwa joto la chini. Yale ya daraja la DOT 4, kama lilivyoandikwa kwenye chupa, kwa kiwango chake, yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango chake kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu breki hufikia joto hilo. Mafuta yakichemka hutoa mapovu, na pedali inazama hadi chini bila kushika kitu. Ukitazama kwenye kopo lake ukayaona meusi kama chai ya rangi, wakati wake ulipita zamani. Kuyabadilisha ni kazi ndogo ikilinganishwa na nyingine zote tulizotaja.

Usukani unakaguliwa gari likiwa juu ya shimo. Mkaguzi anatafuta mchezo, yaani kulegea, kwenye viungo vya mbele: tairodi, boljointi, bushi, na kwa malori, kingipini. Ukitaka kujipima mwenyewe, gari likiwa limezimwa mwombe mtu atikise usukani kushoto na kulia kidogo kidogo huku wewe umeinama ukitazama viungo vya mbele. Kiungo kinachoruka kabla gurudumu halijasogea ndicho kibovu. Na ukinunua vipuri Kirinyaga Road, chukua kile cha zamani mkononi ulinganishe, kisha uvitikise-tikise vipya kwa vidole dukani. Boljointi mpya inayocheza kama ya zamani irudishe hapohapo.

Matairi: kila tairi lina vituta vidogo ndani ya mifereji, vyenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukifikia usawa wa vituta hivyo, tairi limekwisha. Pia kuna namba nne zilizoandikwa ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2018. Tairi lililokaa stoo miaka mingi linaweza kuwa na mifereji mizuri na likapasuka vilevile, hasa la mtumba.

Taa zinahitaji neno moja tu. Siku hizi wengi wameweka balbu za LED ndani ya taa zilizotengenezewa balbu za kawaida. Kwako zinaonekana kali, lakini mwanga wake unatawanyika badala ya kulenga chini, na anayekuja mbele yako anapofuka. Mtambo wa kupima mwelekeo wa taa unaliona hilo mara moja. Rudisha balbu zinazostahili, na kama kioo cha taa kimekuwa cha manjano, tunakisafisha.

Sasa namba. Hapa hakuna fundi anayeweza kukusaidia siku yenyewe. Mkaguzi hulinganisha namba ya chasisi na ya injini na zile zilizo kwenye rekodi. Nairobi magari mengi yamebadilishwa injini, kwa sababu ni rahisi kupata iliyotumika kuliko kufufua iliyokufa, na hakuna ubaya wowote katika hilo mradi badiliko lisajiliwe. Shida ni kwamba injini hununuliwa Ijumaa, inafungwa wikendi, Jumatatu gari linarudi barabarani, na karatasi za aliyekuuzia zinapotea ndani ya mwezi. Ukibadilisha injini, hifadhi risiti na anza mara moja kusajili namba mpya. Vivyo hivyo rangi: ukiligeuza gari kutoka jeupe kuwa jeusi, logbuku nayo ibadilike. Na kama uliponunua gari hukulihamisha kwa jina lako, litakuwa bado kwenye akaunti ya mwenye zamani na hutaweza kuliombea miadi kwenye yako. Tumeona watu wakimtafuta muuzaji aliyehamia kaunti nyingine huku stika imekwisha na gari limelala.

Namba ya chasisi yenyewe nayo hujificha. Kwenye malori na pikapu imechongwa kwenye fremu, na miaka ya matope na kutu huifunika hadi isisomeke. Tunaisafisha kwa brashi laini na mafuta kidogo. Usiruhusu mtu yeyote aiguse kwa grainda. Namba iliyokwaruzwa inazua maswali ambayo hutapenda kuyajibu.

Matatu zina nyongeza. Kanuni za Michuki, zilizopewa jina la John Michuki aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila abiria na ule mstari wa manjano ubavuni. Mikanda ndiyo huangusha wengi, si kwa kukosekana bali kwa sababu imechanika, imefungwa fundo chini ya kiti, au buko, yaani vifungio vyake, zimejaa mchanga na hazishiki. Kaa kwenye kila kiti ufunge kila mkanda wewe mwenyewe. Hakikisha pia mlango wa dharura unafunguka bila kupigwa teke, mtungi wa kuzima moto haujapita tarehe, na kisanduku cha huduma ya kwanza kina vitu ndani. Kidhibiti mwendo kiwe na cheti ambacho bado kina muda.

Kwa shule tuna ombi. Leteni mabasi ya manjano likizo ya Aprili, Agosti au Desemba, msingoje wiki ya kufungua. Wiki ya kufungua kila shule inataka gari lake leo, vipuri vinapanda bei, na msimamizi wa usafiri anaanza kutuomba tumalizie nusu kazi ili watoto wachukuliwe kesho. Hatukubali. Basi la watoto haliondoki hapa likiwa na breki tunazozitilia shaka, hata kama mwalimu mkuu mwenyewe amesimama getini.

Kazi yetu tunaifanya hivi. Lete gari wiki mbili kabla ya stika kwisha. Siku ya kwanza tunalitazama tu: tunavua magurudumu yote, tunaingia shimoni, tunalijaribu barabarani, tunasoma namba na kuzilinganisha na logbuku. Hatuna rola kama za kituoni, kwa hiyo kazi ya breki tunaithibitisha kwa kupima unene, kutafuta uvujaji na kulijaribu gari mahali palipo wazi. Unapata orodha iliyoandikwa yenye mafungu mawili: kinachoweza kukatalisha gari au kuua mtu, na kinachoweza kusubiri. Bei ya kila kitu inaandikwa kabla spana haijaguswa. Vipuri ukitaka kununua mwenyewe, nunua. Vya zamani tunakurudishia ukavitazame. Gari likikataliwa kituoni, njoo na maelezo ya kasoro zilizotajwa. Ikiwa ni kazi tuliyoifanya sisi, tunairudia bila malipo.

Siku ya ukaguzi peleka gari likiwa tupu, limeoshwa chini pamoja na juu, matairi yakiwa na upepo sawa kushoto na kulia, maana tairi lenye upepo mdogo huvuruga kipimo cha rola. Usioshe injini usiku huo ili kuficha oili inayovuja. Injini ikipata moto oili inarudi palepale.

Na unapotuletea gari, tafadhali usilitume na kijana wa kuosha. Mlete dereva anayeliendesha kila siku, akae nasi dakika chache. Yeye ndiye anayejua kwamba likifika kilomita 60 usukani unatetemeka, kwamba asubuhi pedali huhitaji kukanyagwa mara mbili, kwamba likiteremka Limuru Road kuna harufu ya kuungua upande wa nyuma kushoto. Madereva wengi hayo hawayasemi kwa mwenye gari, wakihofia kulaumiwa. Kwetu tunamwambia aseme yote, na tunaanzia hapo alipoonyesha.