Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Bodaboda Uyole, Januari hadi Desemba 2024

Ndugu wanachama, viongozi wa vijiwe, wazee wetu walezi, itifaki imezingatiwa.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwisho wa mwaka. Wenzetu watano waliofiwa na tisa walioumia au kulazwa, nawapa tena pole kwa niaba ya Kamati Tendaji.

Shughuli za kawaida sitazirefusha, mnazijua. Wakati wa Nane Nane tulipanga zamu ya vijana 22 pale uwanja wa John Mwakangale. Tuliketi na askari wa usalama barabarani mara tatu. Kijiwe cha njia ya Tukuyu kimepakwa rangi. Wanachama wapya ni 11. Kamati ilikaa vikao 9 kati ya 12.

Hesabu ni hizi. Tulianza mwaka na shilingi 640,000. Ada zilizolipwa kamili ni za watu 87, shilingi 3,132,000, waliolipa nusunusu ni 52, shilingi 748,000, viingilio 220,000, faini 95,000. Jumla ya mapato ya mwaka ni 4,195,000. Matumizi: pole na rambirambi 1,450,000, kodi ya ofisi 480,000, shajala na nauli 238,000, na vifaa vya kusafishia dizeli inayomwagwa na malori barabarani 912,000. Jumla 3,080,000. Tunavuka mwaka na shilingi 1,755,000. Mweka Hazina anazo risiti zote kwenye faili la kijani, na faili hilo halijawahi kufungiwa mtu.

Sasa nije kwenye hizo 912,000, maana najua ndizo zinazosubiriwa. Tangu Februari nimeitwa mla hela za wagonjwa, nimeambiwa nimegeuza chama kuwa kampuni ya kufagia. Nimenyamaza mwaka mzima. Leo naeleza.

Nianzie siku yenyewe, kwa kuwa wengi wanaopiga kelele hawakuwepo. Ilikuwa Januari, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, manyunyu yameanza. Mwenzetu alitoka Igawilo amembeba mama mmoja na tenga la nyanya, anaingia njia panda ya Uyole ili akate kushoto kwenda Soweto. Hakuwa mbio. Nilikuwa kijiweni na chai ya tangawizi mkononi. Sikusikia breki hata kidogo, nilisikia chuma kikiburuzika kwenye lami. Nilipokimbilia pale nikateleza na mimi, goti likapiga chini, na kiganja nilichojizuia nacho kikaja na dizeli. Lami yote ya kona ilikuwa inang'aa rangi za upinde wa mvua. Nyanya zilibiringika mpaka chini ya semi iliyosimama hatua kama kumi nyuma yetu. Mungu ambariki dereva yule, angekuwa na usingizi leo tungekuwa tunaongea habari nyingine. Mwenzetu alivunjika mtulinga, mama yule alichunika goti na kiwiko.

Nikaufuata ule mstari wa mafuta kwa miguu. Ulianzia pale malori yanapotoka kujaza, ukaja kama matone, matone yakawa mstari, na kwenye kona mstari ukawa dimbwi. Nani hapa hajauona mstari wa namna hiyo? Lori likishajaza tangi mpaka shingoni na mfuniko haukukaza, au mfuniko haupo kabisa na pamefungwa tambara na mfuko wa nailoni, likifika konani mafuta yanasukumwa upande wa nje yanamwagika. Dereva hana habari. Gari lenye matairi 18 au 22 halisikii kitu. Sisi tuna matairi mawili, na sehemu ya tairi inayogusa lami haizidi kiganja cha mkono. Tukiwa tumelala kona kiganja hicho kikakanyaga dizeli, hakuna ufundi tena, hata uwe umeendesha miaka ishirini.

Barabara yetu mnaijua. Mzigo mwingi wa Zambia na Kongo unaotoka Dar es Salaam kwa malori unapita hapa kwenda Tunduma, na wa Malawi unakata hapa hapa kwenda Kasumulu. Mafuta wanayotumia kule nayo hupita mbele ya vijiwe vyetu. Ongeza ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, ambao tunaushukuru sana, lakini kwa sasa una michepuko, vumbi na matuta ya muda, na kila lori linaporuka tuta linatema kidogo.

Wapo waliosema mvua itaosha yenyewe. Ndugu zangu, dizeli si petroli. Petroli ikimwagika jua likiwepo inakauka upesi, hatari yake ni moto. Dizeli haikauki namna hiyo, inakaa. Na maji hayaioshi: yanaibeba juu yake na kuisambaza, ndiyo maana manyunyu ya kwanza ni mabaya kuliko mvua kubwa. Isitoshe dizeli inailainisha lami yenyewe, na ikirudiwa rudiwa mahali pamoja kokoto zinaanza kung'oka. Nendeni mkaangalie pale konani, mashimo yako pale pale mafuta yanapomwagika.

Kamati ilikaa siku hiyo hiyo jioni. Katiba yetu inaipa ruhusa kutumia hadi shilingi 500,000 kwa dharura bila kusubiri mkutano mkuu. Tulinunua koni 8 kwa 216,000, mafagio 12 kwa 96,000, makoleo 6 kwa 90,000 na viroba 30 vya maranda ya mbao kwa 45,000. Hiyo ni 447,000. Mwezi Machi akaanguka mwenzetu wa pili, kona ile ile, safari hii usiku. Ndipo tukanunua vizibao 15 vya kuakisi mwanga kwa 180,000, mapipa 4 yenye mifuniko kwa 120,000, tripu moja ya mchanga mkavu kwa 120,000 na viroba vingine 30 vya maranda, 45,000. Hiyo ni 465,000. Wanaosema niliigawa hela makusudi ili kukwepa kile kikomo cha 500,000 wanijibu: je, mimi ndiye niliyemwangusha yule wa Machi?

Hoja ya pili ni kwamba maranda yalitoka kwa shemeji yangu. Ni kweli shemeji yangu ni seremala, wala sijawahi kuficha. Tulinunua kwa mafundi watatu, viroba 20 kila mmoja, bei moja ya 1,500. Wakati ule wafuga kuku walikuwa wanayagombania na bei ya nje ilikuwa imeshapanda. Shemeji alituuzia sawa na wenzake na mzigo akauleta kwa gari lake bila kudai nauli. Risiti zipo.

Hoja ya tatu, ambayo naiheshimu, ni kwamba barabara hii ni ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu, na si kazi ya bodaboda kuifagia. Sawa, barabara kuu ni yao, na hakuna aliyesema tuichukue. Lakini mafuta yakimwagika saa kumi na moja alfajiri, atakayepita hapo saa kumi na moja na dakika tano ni nani? Ni wewe na abiria wako. Mfuko wetu unaitwa wa pole. Mimi nasema kiroba cha 1,500 kilichomzuia mtu asianguke ni pole iliyotangulia. Mwenzetu wa Januari peke yake tulimpa 150,000, na alikuwa anadaiwa ada ya miezi minne. Nililaumiwa kwa hilo pia. Kama kumpa mtu aliyelala na mtulinga uliovunjika ni kosa, basi kosa hilo nitalirudia.

Tangu tuanze tumesafisha mara 17. Utaratibu umekuwa huu, na naomba uheshimiwe: kwanza piga simu kwa askari wa usalama barabarani, weka koni mbali kabla ya kona, vaa kizibao, ndipo umwage maranda. Unga wake ndio unaonyonya vizuri, acha ukae, sugua kwa fagio, kusanya, mwaga tena mara ya pili. Yaliyotumika yanakwenda kwenye pipa, hayachomwi kando ya lami. Mchanga ni wa mwisho na lazima ufagiliwe wote. Aprili zamu ya kijiwe cha chini iliuacha barabarani, na deiwaka mmoja, yaani anayeendesha pikipiki ya mwenzake kwa siku, akaserereka juu ya huo mchanga wetu wenyewe. Ilikuwa aibu kubwa, na niliwaambia siku ile ile. Lakini kwa dizeli, tangu Aprili hakuna mwanachama aliyeanguka kona ile. Nililisimamia jambo hili mwenyewe, mara nyingine kwa vocha yangu na mafuta yangu, na sioni haya kulisema. Mzee mmoja wa Igawilo alisimama akatuambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, tukiwa tunafagia. Kwangu ilitosha.

Kwa petroli utaratibu huo haupo. Lori la petroli likipinduka, kaa mbali, usiwashe pikipiki, piga 114 kwa Zimamoto. Msamvu pale Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori lililipuka watu wakiwa wanachota mafuta na zaidi ya watu 100 walikufa. Mwanachama atakayeonekana na kidumu kwenye ajali ya lori atatoka kwenye chama, na sitasubiri kikao.

Na kwa kuwa nimetaja vidumu, niseme na hili lililo gumu. Sehemu ya dizeli inayotuangusha haitoki kwa mifuniko mibovu. Inatoka kwa wanaonyonya matangi usiku kwenye maegesho, wanavunja kufuli la mfuniko, na lori linaondoka alfajiri likiwa wazi. Wapo kati yetu wanaonunua mafuta hayo wakayauze tena. Majina siyatoi hapa. Waliosoma sentensi hii na mioyo ikawadunda wanajijua.

Mahudhurio sasa. Tuko 214 kwenye daftari. Theluthi inayotakiwa ili mkutano uwe halali ni watu 72. Mkutano wa Aprili, nilioitisha ili matumizi haya yajadiliwe, walikuja 44. Wa Julai walikuja 38, wakasema baridi. Hivi baridi ya Julai inaanza leo hapa Mbeya? Septemba ndipo tulipofika 79, na 61 wakanyoosha mkono kuyapitisha matumizi. Katika wale wanaoandika maneno makali kila jioni nimehesabu saba ambao hawajakanyaga mkutano hata mmoja kati ya hiyo mitatu. Mtu anaona tabu kutembea kutoka kijiweni hadi ofisini, halafu anasema hakushirikishwa.

Ada nayo inaumiza. Wanachama 75 hawajalipa hata shilingi, mwaka mzima. Ukijumlisha na waliolipa nusunusu, chama kinadai shilingi 3,824,000, karibu sawa na mapato ya mwaka. Ada ni 3,000 kwa mwezi, shilingi mia kwa siku. Najua wengine mna mkataba na hesabu ya bosi inawasubiri kila jioni, nami nimepita huko. Lakini katika hao 75 wapo wenye pikipiki mbili, tatu, zao wenyewe.

Tumewaandikia wenye vituo vitatu vya mafuta tukiwaomba wahudumu wao wasijaze matangi ya malori mpaka shingoni na wakague mfuniko kabla gari halijaondoka. Mmoja alituita tukazungumza vizuri, akatupa na mahali pa kuweka pipa moja. Wawili bado tunawasubiri.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata elimu ya huduma ya kwanza, kuangalia suala la bima ya afya, na kuendelea kuongea na wadau kuhusu kiwanja cha ofisi. Tukipata nguvu tutaongeza mapipa hadi Mlima Nyoka na upande wa Iwambi, ambako wenzetu wanaomba tuwaonyeshe tulivyofanya.

Viroba vilivyobaki ni 9 na mvua zimeshaanza. Funguo za mapipa ziko kwa Katibu, na zamu ya wiki hii ni ya kijiwe cha njia ya Tukuyu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Uyole, Mbeya